Kichupa Kisichoganda

Tii. Tii. Tii.

Mlio ulimfikia akiwa bado kwenye giza la ngazi, mkono mmoja umeshika kamba iliyofungwa ukutani kwa ajili ya wanaopanda. Inspekta Hamoud Muhannad alisimama. Aliujua mlio ule. Jana aliuzima yeye mwenyewe. Alichomoa waya mmoja mmoja ukutani, akamwambia mwenye kliniki kwamba mashine za kusafishia damu zisiguswe mpaka aseme yeye. Na sasa, asubuhi, zilikuwa zinalia kama kwamba jana hakuja mtu.

"Wameziwasha," alisema.

Nyuma yake Nadhira alikuwa anahema, sanduku la barafu begani. Alikuwa mtaalamu wa maabara ya serikali, na Hamoud alikuwa amemfuata kwake Mtoni kabla hajamaliza chai yake.

"Labda wanazikosha tu," alisema Nadhira.

"Labda."

Alipanda ngazi zilizobaki mbili mbili.

Ukumbi wa juu ulikuwa wa nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe, boriti nyeusi juu, vioo vya rangi juu ya madirisha. Chini yake viti vitatu vya ngozi na mashine tatu, na zote zilikuwa zimewashwa. Kwenye kiti cha dirishani alikaa mzee mmoja, mkono wa kanzu umekunjwa mpaka begani, mshipa umeshafutwa kwa spiriti. Muzdalifa, muuguzi aliyekuwa akisimamia mashine na maji yake, alikuwa ameinama juu ya mkono ule na sindano.

"Weka chini," alisema Hamoud.

Muzdalifa aliiweka chini bila ya kuuliza. Kwa namna alivyoiweka, ungedhani alikuwa akingoja mtu amwambie.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Vipi tena? Mie nimekuja kusafishwa damu. Tazama miguu yangu ilivyojaa."

"Nnaiona. Gari yetu ipo pale njiapanda, itakupeleka hospitali kubwa. Wanakungoja, nshazungumza nao. Hapa leo husafishwi."

"Hapa pana nini?"

"Ndicho nilichokuja kukitafuta."

Mzee alimtazama, akamtazama Muzdalifa, akashusha mkono wa kanzu bila ya haraka. "Bora ungekuja mapema," alisema.

Hamoud alimsaidia kusimama. Aliizima mashine ya kwanza, akaizima ya pili. Alipoifikia ya tatu, mlango wa ofisi ulifunguliwa akatoka Daktari Junaid, koti jeupe limepigwa pasi, miwani mkononi.

"Inspekta, hii ni kliniki, si kituo chako. Muuaji unaye ndani. Unataka nini tena kwangu?"

Muuaji. Neno hilo lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe aliitwa Bi Sichana, mkulima wa mwani kutoka Makunduchi. Binti yake, Shahida, alikuwa na ugonjwa wa figo. Siku ya Jumatatu alikaa kwenye kiti cha katikati, akaunganishwa na mashine, akaanza kutetemeka mpaka meno yakagongana. Homa ikampanda. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshafariki. Daktari Junaid aliwapigia polisi mwenyewe. Aliwaambia kwamba mama mtu alikuja na chupa ya kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe kisha zikaoshwa kwa maji ili mgonjwa anywe, na kwamba alimwona akiichezea mipira ya mashine. Bila ya shaka alilitia mle. Polisi waliokwenda walimteremsha Bi Sichana mikono imefungwa pingu, wakampitisha mtaani watu wakitazama. Kesi iliangukia mezani kwa Hamoud siku iliyofuata. Na leo mchana faili lilitakiwa kwa mwendesha mashitaka, kosa limeshaandikwa: kuua.

"Kaa," alisema Hamoud.

"Nna wagonjwa."

"Huna. Wa mwisho anateremka ngazi. Kaa, daktari."

Daktari Junaid alikaa, kwenye kiti cha katikati, kisha akakumbuka ni kiti gani akahamia cha pembeni.

"Jumatatu mashine ngapi zilikuwa zinafanya kazi?"

"Zote."

"Shahida alitetemeka. Wale wengine wawili?"

"Walipata baridi kidogo. Baridi hutokea."

"Nimewaona jana wodini. Mmoja bado hajui yuko wapi. Bi Sichana aliwapa kombe na wao?"

"Sijui alifanya nini bibi yule. Watu wa shamba wana mambo yao."

Hamoud alivuta kiti, akakaa karibu naye mno. "Mimi nimezaliwa nyumba ya nne kutoka hapa. Nilipougua surua mama yangu alininywesha kombe, na nina hakika na wewe ulinyweshwa. Yaache mambo ya shamba. Nipe mipira ya mashine ya Shahida."

"Mnayo nyinyi."

"Naam, tunayo. Nimeikata jana inchi kwa inchi. Damu imo. Zafarani haimo hata tone. Unajua zafarani inavyokamata? Ikikudondokea kanzu, kanzu unaigawa. Ukiondoa hiyo damu, mipira ile ni myeupe kama koti lako."

"Basi unayashuku maji ya mashine? Yana nini?" Daktari alinyoosha kidole kwenye faili lililoning'inia ukutani. "Yanachujwa, yanapitishwa kwenye taa ya kuulia vijidudu, na yanapimwa. Jumanne watu wenu wenyewe wameyachukua wakayaotesha. Hakikuota kitu. Hamna kijidudu hai hata kimoja. Hai, nasema."

"Hilo ni kweli," alisema Nadhira.

Daktari akageuka. Hapo ndipo alipomwona vizuri, na akaona sanduku.

"Na wewe nani?"

"Nadhira. Maabara. Hakikuota kitu kwa sababu vyote vimekufa, daktari. Taa yako inaua, ndiyo kazi yake. Lakini kijidudu kikifa kinaacha ganda, na ganda lile ndilo lenye sumu. Taa hailiondoi. Ukilichemsha halifi, maana halikuwa hai. Likinywewa, tumbo linalimaliza. Likiingia kwenye damu, mtu anatetemeka kama alivyotetemeka Shahida."

"Ananifundisha kazi," Daktari Junaid alimwambia Hamoud.

"Mie nilikuwa sijui," alisema Hamoud. "Nifundishe mie. Ganda hilo mnalipimaje?"

Daktari alivaa miwani yake. Aliyejibu alikuwa Muzdalifa, kutoka pale aliposimama, sauti ndogo. "Kwa unga wa kaa."

"Kaa gani?"

Muzdalifa alimtazama Nadhira, na Nadhira akaipokea kazi ya kueleza. "Hayupo kwenye bahari zetu. Wanamwita kaa lakini si kaa hasa. Ana gamba kama kwato ya farasi na mkia kama msumari. Damu yake buluu. Mwili wako wewe una askari wa aina nyingi kwenye damu, na una kumbukumbu ya maradhi uliyowahi kuyapata. Yeye hana. Ana chembe za aina moja tu, na anaishi kwenye tope lililojaa uchafu. Basi likimpata jeraha, uchafu ukaigusa damu yake, chembe zile zinapasuka papo hapo, zinamwaga kitu cha kugandisha. Damu inakuwa kama faluda, adui ananasa ndani yake, jeraha linazibika. Watu wamezichukua chembe zile wakazikausha unga. Unachukua kichupa cha unga, unatia maji unayotaka kuyapima, unakiweka kwenye joto la mwili, saa moja, hukigusi. Kisha unakipindua. Yakimwagika, maji salama. Yakiganda, maji yana sumu."

"Na yetu yamemwagika kila siku," alisema Daktari Junaid. "Tazama faili. Salama, salama, salama."

"Ndiyo maana nimekuja," alisema Hamoud. "Sijawahi kuona kitu katika mji huu kilicho salama kila siku. Friji iko wapi?"

Friji ilikuwa kwenye chumba cha nyuma, pamoja na mashine ya mvuke ya kuchemshia vifaa na beseni la umeme la kupashia vichupa. Chumba kilikuwa na joto la kukausha karafuu. Hamoud aliifungua friji akapiga magoti mbele yake. Boksi la unga lilikuwa rafu ya kati, peke yake, limenyooka. Hakuligusa. Alipitisha kidole kwenye mpira wa mlango, akakinusa. Akapitisha tena chini zaidi, akachomoa kitu kwenye mkunjo wa mpira, akakiweka kiganjani. Kokwa ya tende.

"Muzdalifa."

"Naam."

"Njoo hapa. Daktari abaki huko huko. Nadhira, chukua vichupa viwili kwenye boksi lao, na viwili kwenye lako. Mtaro wa nyuma unapita wapi?"

"Chini ya ngazi ya jikoni," alisema Muzdalifa.

"Maji ya mtaro?" aliuliza Nadhira.

"Ya mtaro. Hakuna mtu atakayebisha kwamba ni machafu. Kimoja kwa unga wao, kimoja kwa unga wako. Na maji ya tangi hivyo hivyo, kimoja kimoja."

Nadhira aliteremka. Aliporudi na chupa yake ya maji yenye rangi ya moshi, alivaa glavu, akavipanga vichupa vinne kwenye kibao, akavipiga alama kwa kalamu ya wino mzito, akavitia maji kimoja baada ya kimoja, akavizamisha kwenye beseni la joto. Alimwita Daktari Junaid aje aone alama kwa macho yake, asije akasema baadaye kwamba vilibadilishwa. Daktari alikuja, akatazama, akarudi ukumbini.

"Sasa hatuvigusi," alisema Nadhira. "Ukikitikisa kabla ya wakati wake, umekiharibu."

Hamoud alifunga mlango. Alikifungua kiganja chake mbele ya Muzdalifa.

"Hii nini?"

"Kokwa ya tende."

"Na mpira wa mlango unanuka ukwaju. Friji ya dawa. Niambie."

Muzdalifa aliitazama kokwa kwa muda. Alikuwa msichana mwembamba, mtandio umebanwa kwa pini mbili. "Mwezi wa Ramadhani," alisema. "Wagonjwa wa jioni wanatoka hapa karibu na magharibi, hawafiki makwao. Na walinzi, na wale wanaowaleta. Tukasema tuwafuturishe. Kila mtu alikuwa analeta kitu. Juisi, tende, katlesi, vipopoo. Friji ya jikoni iliharibika. Basi baada ya alasiri tunatoa vilivyomo humu, tunatia juisi ipate baridi."

"Mnatoa mnaweka wapi?"

Alinyoosha kidole. Rafu ya mbao, juu kabisa ya mashine ya mvuke. Hamoud aliunyanyua mkono akaugusa ubao, akauondoa mara moja.

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka watu warudi tarawehe. Mwezi mzima. Wallahi afande, hakuna aliyefikiri. Tulikuwa tunatafuta thawabu."

"Nnakuamini. Haya, Idi ikapita. Unga mkaurudisha. Ikawaje?"

Nje, mchuuzi wa samaki alikuwa akibishana na mtu bei ya changu.

"Ikawaje, Muzdalifa?"

"Kuna kichupa cha kwanza," alisema. "Kila asubuhi, kabla hujapima maji yako, unapima sumu inayojulikana. Inakuja ndani ya boksi. Hicho lazima kigande. Kisipoganda, unga umekufa, na chochote utakachopima baadaye ni bure."

"Kikaganda?"

"Hakikuganda."

"Ukamwambia nani?"

Alitazama mlango uliofungwa.

"Hakusikii. Na hata akisikia, leo hana la kukufanya."

"Nilimwambia daktari. Akasema labda sumu ya kujaribia ndiyo imeharibika. Nikajaribu tena, kichupa kingine. Hakikuganda. Nikamwambia tuagize boksi jipya, tusimame mpaka lije. Akasema boksi linachukua wiki nyingi kufika, na kliniki ikisimama wagonjwa watahamia kwengine, hawarudi. Akaniambia, kuanzia leo kichupa cha kwanza usikifanye. Pima maji tu." Akabana tena pini ya mtandio. "Nikapima maji tu. Nikaandika salama. Nilikuwa najua ninachokiandika."

"Na Jumatatu?"

"Tangi la juu lilikuwa halijakoshwa tangu mvua. Nilimwambia na hilo."

"Na Bi Sichana? Ulimwona akiigusa mipira ya mashine?"

"Alikuwa anamshika mwanawe miguu. Kombe alimpa akanywa kwa kijiko, kabla hata sijamuunganisha. Chupa akaitia kwenye mkoba. Hakugusa kitu." Hapo ndipo machozi yalipomtoka. "Nilisema hivyo kwa polisi wa mwanzo. Daktari akawaambia nimechanganyikiwa."

Hamoud aliandika yote, akamsomea, akampa atie saini. Hakumfariji. Alipofungua mlango, Nadhira alikuwa ameinama juu ya beseni akitazama saa yake.

"Tayari," alisema.

Waliitwa wote. Daktari Junaid alisimama upande wa dirisha, Muzdalifa upande wa mlango. Nadhira alikitoa kichupa cha kwanza kwa vidole viwili, pole pole kama anayetoa mwiba. Maji ya mtaro, unga wake mwenyewe aliokuja nao kwenye barafu. Alikipindua kichwa chini.

Hakuna kilichoanguka. Kilichokuwemo kilikuwa kimeshikana kitakoni mwa kichupa, cheupe, kimetulia.

Akatoa cha pili. Maji ya tangi la kliniki, unga wake. Akakipindua. Kimeganda vile vile.

"Haya, vyenu," alisema Hamoud. "Cha tangi kwanza."

Maji ya tangi, unga wa kliniki. Nadhira alikipindua, na maji yakatiririka yote ndani ya bakuli.

"Salama," alisema Hamoud. "Kama faili linavyosema. Sasa cha mwisho."

Cha mwisho kilikuwa na maji ya mtaro wa nyuma, maji yaliyopita kwenye vyoo na majiko ya nyumba zote za mtaa ule. Unga wa kliniki. Nadhira alikipindua. Yakatiririka, mpaka tone la mwisho.

Hamoud aliliinua bakuli, akalipeleka mpaka chini ya pua ya Daktari Junaid.

"Kwa kipimo chako, haya ni maji ya kumtilia mtu kwenye damu. Nikuunganishe?"

"Inspekta..."

"Nimekuuliza. Kiti hicho hapo. Nikuunganishe?"

"Hii si namna ya—" Daktari alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa dirisha. "Lipimeni na kombe lake. Mlipime kwa huo unga wenu mpya. Litaganda. Wallahi litaganda."

"Litaganda," alisema Nadhira. "Na maji ya mfereji wa jikoni kwangu yataganda, na chai yako. Lilipita mdomoni, daktari. Wewe unajua tofauti ya mdomo na mshipa. Ulisomeshwa miaka mingi kuijua."

"Ulijua tangu Idi," alisema Hamoud. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na waliokuwemo chumbani wangependa apige kelele. "Kila aliyekaa viti vile tangu Idi, ulimtilia maji usiyoyajua, ukamtazama usoni, ukamuuliza hali. Halafu alipokufa Shahida ulitazama huku na huku, ukaona nani wa kumbebesha. Hukumwona mtu ila mama yake. Mwanamke aliyekuwa bado ameshika miguu ya maiti. Kaa yule hana akili, hana skuli, hana koti. Uchafu ukimgusa anapasua damu yake mwenyewe ili aufunge. Na wewe uchafu umekugusa, ukaufungulia mlango, ukamtupia bibi wa watu."

"Nna watu wakubwa nnaowajua," alisema Daktari Junaid.

"Wapigie. Waambie uko kituoni. Waambie na kwa nini."

Alimfunga pingu yeye mwenyewe. Boksi la unga, vichupa, faili la ukutani na kokwa ya tende alivitia kwenye mifuko ya ushahidi, akavipiga mhuri, Nadhira akatia saini kama shahidi. Muzdalifa aliambiwa apande gari ya pili, bila ya pingu, na maelezo yake yenyewe ndiyo yatakayoamua yanampeleka wapi. Kisha wakateremka. Mtaani watu walikuwa wameshakusanyika, na Hamoud hakuharakisha.

Kituoni mkuu wake alisoma maelezo kwa kusimama. Alipofika mwisho alivua miwani.

"Umefanya kazi nzuri. Huyu bibi mwachie. Mtoe kwa mlango wa nyuma, gari imrudishe shamba. Kimya kimya. Hatutaki waandishi."

"Aliingia kwa mlango gani, afande?"

"Hamoud."

"Nnauliza tu."

"Usinitafutie maneno. Mtoe."

Bi Sichana alikuwa amekaa sakafuni kwenye chumba cha mahabusu wanawake, mgongo ukutani, khanga imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Sahani ya wali iliyokuwa mbele yake ilikuwa haijaguswa. Vidole vyake vilikuwa na nyufa za kufunga mwani. Hakunyanyua kichwa mpaka Hamoud alipokaa sakafuni mbele yake.

"Shikamoo Bi Sichana."

"Marahaba."

"Nimekuja kukutoa."

Alikuwa kama hakusikia. "Nimefikiri humu ndani," alisema. "Wanasema nimemuua. Nimefikiri. Labda sahani haikuwa safi. Labda zafarani ilikuwa mbovu, nilinunua kwa mtu simjui. Niambie kweli, baba. Kombe langu limemuua mwanangu?"

"Hapana."

"Usiniambie kwa kunionea huruma."

"Sikuonei huruma. Maji ya mashine yalikuwa na sumu. Daktari alijua kipimo chake kimekufa, akaficha. Watatu walitetemeka siku ile, na wawili wao hawajalionja kombe lako. Nimeyaona kwa macho yangu, na aliyefanya yuko chumba cha pili hapo, unaweza kusikia anavyokohoa."

Alisikiliza. Mtu alikohoa kweli. Akafumba macho.

"Wamemkosha nani?" aliuliza mwisho.

"Nani?"

"Mwanangu. Nani waliomkosha kabla ya kuzikwa? Mie nilikuwa humu. Nilimkosha alipozaliwa. Nilikuwa nimkoshe mie."

Hamoud hakujua waliomkosha. Hakuna aliyeandika hilo kwenye faili lolote. Alitazama mikono yake mwenyewe, akaikunja.

"Hitima kesho alasiri," alisema Bi Sichana. "Nimesikia kwa mdogo wangu. Sitokwenda. Ntakaaje pale? Kijiji kizima kinajua nimetiwa pingu. Mkinirudisha kimya kimya watasema nimehonga, au nimeachiwa kwa uzee. Kila atakayefungua juzuu atakuwa ananitazama mie. Nirudishe usiku, nijifungie."

Mlangoni askari wa zamu alikohoa kidogo, akaonyesha kwa kichwa upande wa nyuma, ambako gari ilikuwa imeshawashwa. Hamoud alimtazama mpaka akaondoka. Kisha alisimama, akampa Bi Sichana mkono, na alipohakikisha kwamba yule mama amesimama sawa kwa miguu yake, alisema kwa sauti ya kusikika chumba cha pili, na ofisini kwa mkuu, na kwa yeyote aliyekuwa kaunta:

"Tutatoka kwa mlango wa mbele, mimi na wewe. Na kesho alasiri nakuja Makunduchi na nguo hizi hizi za serikali. Ntasimama kwenye hitima ya Shahida, mbele ya kila aliyesikia kwamba ulitiwa pingu, niwaambie kwamba kombe lako halikumdhuru mwanao, kwamba aliyemuua tunaye, na kwamba sisi tuliokufunga tulikosa. Wanifukuze kazi wakitaka. Nakuahidi, Bi Sichana."